Chai ya Saa Nne Kisimani

Meneja aliniambia niwaachie maelezo ya kazi kwenye ukurasa mmoja, yawe na vichwa vya habari na nukta pembeni. Nilijaribu. Nilipofika kwenye nukta ya pili nikaona naandika uongo. Basi nimechukua daftari la kaunta na nitaandika ninavyojua. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Lusewa, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya rekebisheni wenyewe. Ninyi mmefika kidato cha nne.

Nawaandikia ninyi watatu mnaobaki ukumbini, na hasa wewe Asumpta uliyekaa nami muda mrefu kuliko wenzako. Mshahara sitauzungumza. Barua ya kutolewa kwenye ufagizi na kuitwa mhudumu mkuu sitaizungumza pia, maana kesho yake niliamka nikafagia vilevile.

Siku ya kwanza nilifika na mtoto mgongoni na malapa miguuni. Ukumbi ulikuwa mmoja tu wakati huo, pale juu ya mteremko nyuma ya Majengo, hapa hapa Songea, na vyumba vya wageni vilikuwa bado. Aliyenipokea ni Bibi Kapinga, mpishi, Mmatengo wa Mbinga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku ananitazama miguu.

"Jikoni kuna maji ya moto na wewe umekuja na malapa. Unaitwa nani?"

"Mama Festo."

"Mama Festo, nenda kavae viatu."

Nikamwambia sina viatu. Akaingia stoo akatoa buti za mpira za marehemu mume wake. Zilikuwa kubwa, nikajaza matambara mbele. Nilizivaa mpaka zikapasuka, na hakuna siku hata moja niliyoungua mguu. Ninyi mnakuja jikoni na viatu vya wazi vyenye maua. Nimesema nimechoka.

Bibi Kapinga ndiye aliyenifundisha kazi. Vikombe vinahesabiwa kabla na baada, kwa sababu watu wa semina hawaibi, wanasahau tu kikombe dirishani, chini ya kiti, chooni, na kimoja tulikikuta ndani ya gari la serikali kimefika Tunduru kikarudi. Maji ya kunywa yachemke mpaka yagombane sufuriani. Yakiwa yanacheka tu pembeni, bado. Alinifundisha pia kusikiliza mlangoni. Mwezeshaji akisema "kwa kumalizia", usimimine chai. Akisema mara ya pili, usimimine. Akisema mara ya tatu na watu wakaanza kuvuta mabegi yao, hapo mimina. Kipimo hicho hakijawahi kunidanganya, awe mwezeshaji profesa au awe nani.

Zamani semina zilikuwa za mbolea, za uzazi, za ushirika. Halafu zikaja za mazingira, kisha mabadiliko ya tabianchi, kisha tabianchi na afya ya jamii pamoja, na hizo ndizo zilizojaa ukumbi mpaka nilipostaafu. Nimesimama nyuma na chupa za chai nikasikia kila kitu. Nafikiri nimesikia mabadiliko ya tabianchi mara nyingi kuliko padri alivyosikia maungamo. Na msifikiri nalicheka somo lenyewe. Somo ni la kweli. Shamba la mama yangu Lusewa nalijua: mvua ilikuwa na siku zake, sasa inachelewa, halafu inakuja yote kwa pamoja kama mtu aliyekasirika. Maji mengi yakija kwa pamoja yanabeba uchafu wa chooni yanaupeleka kisimani, watoto wanaharisha. Hilo lilifundishwa ukumbini kwetu mara nyingi na mimi nilielewa tangu mara ya kwanza.

Kilichonichosha ni jinsi linavyofundishwa. Saa nzima ya asubuhi inaisha hawajafundishwa kitu. Wanachagua mwenyekiti, mtunza muda, mkuu wa nidhamu, na mchangamshaji, ambaye kazi yake ni kuwasimamisha watu wazima wenye vitambi waruke kama vyura. Wanaandika matarajio yao kwenye vikaratasi vya rangi wanabandika ukutani, na gundi ile inatoka na rangi ya ukuta. Wanafundishwa ubaya wa plastiki, wakitoka naokota chupa za maji chini ya viti, nyingi zimenywewa nusu. Wanahubiri miti, halafu wanauliza mbona ugali wa mchana umechelewa. Umechelewa kwa sababu kuni zenyewe mbichi, baba, zilikatwa juzi.

Halafu kuna ile karatasi inayoitwa Maegesho. Nawaeleza kwa sababu kisa chenyewe kinaanzia hapo. Ni karatasi kubwa inayobandikwa pembeni mwa ukumbi. Mshiriki akiuliza swali gumu, au swali lisilo kwenye ratiba, mwezeshaji anasema, "Swali zuri sana, tuliegeshe pale." Linaandikwa kwa maka peni, watu wanatikisa vichwa, wanaendelea. Siku ya mwisho wanapewa vyeti wanaondoka. Sijawahi kuona swali hata moja likitoka kwenye Maegesho. Mimi ndiye niliyekuwa nabandua zile karatasi, nikazitumia kufunikia unga jikoni.

Sasa kuhusu choo.

Shimo la choo cha ukumbi lilichimbwa wakati ukumbi ni mmoja. Wakaongeza ukumbi wa pili, wakaongeza vyumba vya wageni, wakaweka vyoo vya kuvuta maji, shimo likabaki lilelile. Mvua za masika zikizidi, mfuniko ulikuwa unatoa maji pembeni. Maji yale yalishuka na njia ya miguu mpaka mtaa wa chini, pale kwenye kisima. Kisima kile kilikuwa kinanywesha nyumba zote za pale bondeni ambazo bomba halijafika.

Nilimwambia meneja wa kwanza. Akasema nimwandikie. Nikamwandikia, akasema mwandiko wangu hausomeki lakini ameelewa, itaingia bajeti ijayo. Akahama. Nikamwambia wa pili, akataka ushahidi. Nikamwambia avute pumzi. Akasema bibi una maneno makali. Naye akahama. Wa tatu akasema ukumbi unatarajia kukarabatiwa wote kwa pamoja, kwa hiyo si busara kugusa choo peke yake. Hayo ndiyo maneno yake.

Pale chini, hatua chache kutoka kisimani, alikuwa anakaa Bi Salima. Ametoka Tunduru, alikuja na mume aliyekuwa akifanya biashara ya korosho, mume akafariki, yeye akabaki hapa anakaanga mihogo na kulea mjukuu, Mwanaidi, mtoto wa miaka miwili. Ni rafiki yangu, ingawa tunagombana. Nilimwambia mara kwa mara achemshe maji.

"Nichemshe ya kunywa, sawa," alisema. "Na ya kumwogesha mtoto? Na ya kusuuzia sahani? Mama Festo, mkaa wote huo nautoa wapi?"

Masika yale Mwanaidi akaharisha na kutapika. Walimtundikia maji hospitali siku tatu. Nilikwenda kumwona nikakuta macho yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Namshukuru Mungu alirudi. Lakini alirudi miguu kama ya kifaranga, na nyumbani alipokwenda kunywa maji, yalikuwa ya kisima kilekile. Bi Salima akaniuliza.

"Huko juu kwenu si ndiko wanakofundishana afya?"

"Ndiko."

"Basi si uwaulize."

Wiki ileile ikaja semina kubwa. Maofisa afya na maofisa mazingira wa wilaya zote, siku tatu, habari ya tabianchi, maji na magonjwa ya mlipuko. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja daktari aliyetoka Dar es Salaam, mwanamke mwenye adabu, anajua somo lake. Siku ya kwanza wakati wa chakula cha mchana nilimfuata mkuu wa nidhamu nikamwambia nina jambo la choo nataka kuwaambia washiriki. Akaniambia, "Bibi, tusivuruge ratiba, tutakutafutia nafasi mwishoni." Mwishoni ni vyeti. Mwishoni naijua.

Walipotoka saa kumi nikabaki nafagia. Nikachukua maka peni yao nikaandika kwenye Maegesho: CHOO CHA UKUMBI KINAMWAGIKIA KISIMA CHA WATU WALIO CHINI. WATOTO WANAUMWA. NANI ATAZIBA? Sikuandika jina langu, na sikuandika ukumbi gani. Nilidhani mtu akiwa ndani ya ukumbi akasoma neno ukumbi, atajua. Hilo lilikuwa kosa langu.

Kesho yake asubuhi daktari akaisoma akafurahi mno.

"Nani ametuandikia kisa mkasa hiki kizuri?"

Wakatazamana. Bwana mmoja wa safu ya mbele, aliyevaa tai, akatabasamu akainamisha kichwa, kama mtu asiyetaka sifa. Wakampigia makofi ya kilo. Nilikuwa nimesimama na chupa mbili za chai mkononi, na yule bwana aliitikia makofi yale mpaka mwisho.

Daktari akaweka ratiba ya asubuhi pembeni. Akawagawa makundi manne. Ukumbi wakaupa jina, Ukumbi Wetu wa Mfano, na kisima wakakiita Kisima cha Mfano. Kundi moja litafute chanzo, la pili litafute waathirika, la tatu waandike mpango kazi, la nne waandike ujumbe kwa jamii. Na kwa kuwa asubuhi ya Songea ina baridi, kundi la tatu wakaomba wafanyie kazi nje juani. Wakabeba viti. Mkitaka kujua waliviweka wapi, waliviweka juu ya mfuniko wa shimo, maana pale ndipo penye saruji na pamenyooka.

Nikatoka kuwatazama. Walikuwa watu sita. Mmoja anaandika, wengine wanasema.

"Hatua ya kwanza ni kubaini mahali shimo lilipo," alisema mmoja.

"Andika hapo, kwa kushirikisha jamii."

"Hapa pana harufu kidogo, jamani."

"Tusogee."

Wakasogea hatua mbili, na miguu ya nyuma ya viti bado iko juu ya mfuniko, wakaendelea. Nilisimama pale. Nikasema, "Samahani, wanangu." Yule anayeandika akaniambia, "Chai bado, bibi, tuko kwenye hatua ya nne."

Nikarudi jikoni, nimekasirika. Wewe Asumpta ulikuwepo, unakumbuka. Nilikuambia ubebe mandazi, ukauliza tunapeleka wapi, nikasema chini. Ukasema watatufukuza. Nikakuambia mimi nimebakiza mwaka, wewe sema umeamrishwa. Tukashuka na chupa, vikombe na sinia. Bi Salima alikuwa ameshatoa meza yake ya mihogo nje. Nilimwomba tu meza, sikumweleza kitu, na yeye hakuuliza.

Jambo moja nimelijua kwa miaka yote niliyofanya kazi pale: mtu wa semina hasogezwi na barua, wala na mgeni rasmi, anasogezwa na chai ya saa nne. Nikapanda, nikasimama mlangoni, nikasema, "Chai tayari. Leo iko chini." Sikusema zaidi. Wakaja. Wakashuka mstari mmoja na madaftari kwapani, wakapita kwenye ile njia yenye majimaji, wanarukaruka kulinda viatu. Mmoja akasema ni jambo zuri kubadilisha mazingira.

Kwetu hakuna kunywa chai bila kunawa, hiyo ni amri ya Bibi Kapinga na ndiyo yangu. Nikateka ndoo kisimani mbele yao nikaiweka kwenye kiti, nikashika kata. Wa kwanza kufika alikuwa yule bwana wa tai. Akanyoosha mikono. Nikamwagia. Akarudisha mikono haraka.

"Bibi, haya maji vipi?"

"Ya kisima hiki."

"Yana harufu."

"Yana."

"Kuna watu wanayatumia?"

Bi Salima alikuwa amesimama mlangoni kwake, kambeba Mwanaidi kiunoni. "Tunakunywa, mwanangu," alisema. "Karibu."

Kulikuwa na kijana mmoja bwana afya, mwenyeji wa Singida, ameletwa Namtumbo hana hata miezi mitatu. Alitazama kisima, akatazama ile njia ya majimaji, akaifuata kwa macho polepole kupanda mteremko mpaka juu, ambako viti sita vya kundi la tatu vilikuwa bado vimekaa pale pale. Akasema kwa sauti ndogo, "Hiki ndicho kile kisa mkasa."

Yule wa tai alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali.

Daktari akanigeukia. "Ni wewe uliyeandika, mama?"

"Ni mimi."

"Mbona hukusema?"

Nilijizuia sana. "Nimesema kwa mameneja watatu," nikamjibu. "Jana nikaambiwa nisivuruge ratiba. Nikaandika mlipotuambia maswali yanaandikwa. Mkanipigia makofi, ila mlimpigia mwingine."

Hakujitetea, na hilo namheshimu kwalo. Alikwenda akamshika Mwanaidi mkono, akambonyeza ngozi, akamuuliza Bi Salima maswali ya kidaktari kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekunywa chai. Nilirudisha chupa zimejaa, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kijana wa Singida aliomba mbao na kamba, na mchana ule alikifunga kisima kwa mikono yake, amevua koti.

Mngefikiri kisa kimeisha hapo. Mimi nilifikiri hivyo. Asubuhi ya tatu wakati ukumbini wanapanga vyeti mezani, Bi Salima alipanda na ndoo tupu. Nyuma yake wanawake wengine kama kumi. Hakuniamkia.

"Mama Festo, umeniponya au umeniua?"

"Nini tena?"

"Kisima umefunga. Nachota wapi?"

Niliwacheka wenzangu wa semina wanaoandika mipango bila kutazama chini ya viti vyao, na mimi nilikuwa nimefunga kisima cha watu bila kufikiri kesho watapika na nini. Hilo pia liandikeni kwenye makosa yangu. Sikuwaza sana. Nikaenda geti la nyuma, lile la kuingizia kuni, nikalifungua, nikawaambia bomba lile pale kando ya jiko, maji ya mjini, chukueni.

Meneja alikuja mbio. "Kwa amri ya nani?"

"Bwana afya amefunga kisima. Hajawafunga watu midomo."

"Wageni watawaona, mama. Foleni ya ndoo, na tuna picha ya pamoja saa tano."

"Basi piga picha upande wa mbele."

Tukakubaliana kwa shingo upande: geti liwe wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka wageni waanze kuingia, na jioni wakishatoka. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Shimo la zamani lilikuja kuvutwa na gari, na jipya limechimbwa upande wa pili, mbali na mteremko. Ilichukua muda na maneno mengi, na sehemu kubwa ya maneno yale ilisukumwa na yule kijana wa Singida, aliyekuwa akipiga simu kila wiki mpaka akahamishwa mkoa mwingine. Maji ya kisima walikuja kuyachukua kwenye chupa ndogo ili yapimwe, mara mbili. Majibu hayajarudi. Kwa hiyo mbao ziko palepale, na bomba la bondeni bado linasubiriwa, na Mwanaidi na wenzake wanakunywa maji yanayopita geti lile.

Taarifa ya semina ilikuja, ya rangi, karatasi nzito. Niliisoma yote kwa siku mbili nikitafuta kisima. Kipo, kwenye picha. Meza ya Bi Salima inaonekana, na vikombe vyangu, na yule bwana wa tai amesimama mbele. Chini wameandika: Washiriki wakifurahia chai katika mazingira ya asili.

Nimefanya kazi mpaka siku ya mwisho. Wiki ile ya kuaga alikuja meneja mpya, kijana mstaarabu, akaniita ofisini akanipa kiti. Alisema ameona suala la geti, anaelewa umuhimu wake, lakini haliwezi kuendelea bila utaratibu. Amekusudia kuitisha warsha ya wadau kujadili upatikanaji endelevu wa maji kwa majirani. Ndani ya muda huo geti lifungwe kwanza, wadau watoe maoni.

Nikamwuliza warsha ni lini. Akasema tarehe bado.

Nikamwambia, "Baba, warsha fanyeni. Chai nitakuja kupika mwenyewe, bure. Lakini geti libaki wazi."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Asumpta, ninapoandika haya warsha haijafanyika na geti liko wazi. Mkiona tarehe ya warsha imetoka, nitumieni ujumbe nije. Mkiona geti limefungwa, msinitumie ujumbe. Lifungueni.